Mazungumzo Kuhusu Haki ya Kuegesha Magari na Uondoaji wa Magari katika Mitaa ya Makazi: Mfano wa Nachingwea na Ruangwa

Kwa manufaa ya watumishi wa Serikali na wakazi wa Visiwani, hususan wale wenye nyumba, jamaa au shughuli za biashara Tanzania Bara, ukurasa huu unatoa maneno ya mazungumzo juu ya suala linalozusha ugomvi mwingi baina ya majirani: nani mwenye haki ya kuegesha gari katika mtaa wa makazi, na nani mwenye mamlaka ya kuliondoa. Mfano uliotumika ni wa miji ya Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Wasomaji wanakumbushwa kwamba ardhi si miongoni mwa mambo ya Muungano. Kwa hiyo sheria za ardhi zinazotajwa humu ni za Tanzania Bara, na ya Zanzibar yatagusiwa mahali panapostahiki.



Mgeni akifika Nachingwea na kuuliza njia ya kwenda Stesheni ataelekezwa bila taabu. Ni kata ya mji huo. Ina nyumba, ina maduka, ina watu wake. Lakini mgeni huyo akikaa kungojea garimoshi atangoja sana, kwa sababu reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Jina limebaki, na jina hilo ndilo mlango wa mazungumzo haya, kwani mji wa Nachingwea ulipangwa na shirika moja kwa ajili ya kazi moja, na mitaa yake bado inabeba alama ya asili hiyo.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha katika Tanganyika mpango mkubwa wa kulima karanga, ili kuziba upungufu wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Kazi ilianza Kongwa, na maeneo mengine yaliyochaguliwa yakawa Urambo na Nachingwea. Hapo mwanzo msimamizi alikuwa kampuni ya United Africa Company. Kuanzia mwaka 1948 usimamizi ukashikwa na shirika la umma la Uingereza lililoitwa Overseas Food Corporation. Ilitazamiwa kulimwa zaidi ya ekari milioni 3. Mitambo ilivunjikia porini, mvua haikufuata hesabu za ofisini, na mwezi Januari 1951 ikatangazwa kwamba mpango huo umeachwa. Fedha zilizofutwa vitabuni zilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Kwa upande wa kusini, yaliyobaki yalikuwa reli, bandari ya kina kirefu ya Mtwara iliyofunguliwa mwaka 1954, na mji wenye barabara pana kupita mahitaji ya wakazi wake.

Katika miaka hiyo, swali la nani mwenye mtaa lilikuwa na jibu jepesi. Nyumba ilikuwa ya shirika, gari lilikuwa la shirika, dereva aliajiriwa na shirika, na barabara iliyopita mbele ya nyumba ilichongwa na matingatinga ya shirika. Gari likiegeshwa vibaya, msimamizi alimwita dereva, na shauri likaisha. Hiyo ndiyo hali iliyo karibu kabisa na mtaa wa makazi unaomilikiwa na mtu binafsi ambayo Nachingwea imepata kuijua. Haikudumu. Mwaka 1955 mashamba na mali za mpango huo zilikuwa zimehamia kwa shirika la kilimo la Tanganyika. Baada ya Uhuru sehemu ya eneo ilipata kazi nyingine ambayo historia ya Afrika haitaisahau, pale Farm 17 ilipokuwa kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO tangu miaka ya 1960 hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Nyumba za mji zikaingia katika mikono mingi: Serikali, mashirika, kisha watu binafsi.

Basi nyumba ziligawanyika, lakini mtaa haukugawanyika. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Mtu aliyepata nyumba iliyojengwa katika mpango wa zamani amekuta mbele yake uwanja mpana usio na jengo. Mmoja akapanda michungwa. Mwingine akalima mchicha, jirani yake akajenga kibanda cha biashara, na wa nne akapanga mawe, akayapaka chokaa, kisha akaandika kwenye ubao: hairuhusiwi kuegesha. Kwa kupita miaka mwenye mawe husahau kwamba aliyaweka mwenyewe. Watoto wake hukua wakiyakuta pale, nao huamini kwa moyo safi kabisa kwamba mpaka wa nyumba yao ni mawe yale.

Ruangwa ina historia tofauti. Ilikuwa sehemu ya wilaya ya Nachingwea hadi mwaka 1995 ilipokuwa wilaya kamili, na mpaka leo katika wilaya ya Ruangwa imo kata yenye jina la Nachingwea, jambo linalowachanganya makarani wageni kila wanapojaza fomu. Mji huo haukupangwa na shirika lolote la kigeni. Ulikua polepole, njia ya miguu ikawa njia ya baiskeli, njia ya baiskeli ikawa ya pikipiki, na sasa lori linataka kupita palepale. Nachingwea inagombania nafasi iliyozidi, ilhali Ruangwa inagombania nafasi iliyopungua. Timu ya mpira ya Namungo ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, magari ya wageni yaliongezeka siku za mchezo katika Uwanja wa Majaliwa, na mwenye nyumba iliyo karibu na uwanja wa aina hiyo huamka Jumamosi akaona mlango wake umezibwa na gari la mtu asiyemjua, ambaye hatarudi mpaka filimbi ya mwisho.

Lakini mpira ni wa saa chache. Msimu wa korosho ni wa miezi. Kuanzia mwezi wa Oktoba, wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale hupeleka korosho kupitia vyama vyao vya msingi vilivyo chini ya chama kikuu cha RUNALI, kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani ambao katika zao la korosho ulianza kutumika mwaka 2007. Korosho zikishauzwa mnadani lazima zichukuliwe, na anayezichukua ni lori. Lori halina nafasi ghalani mpaka zamu yake ifike. Kwa hiyo huegeshwa mtaani. Dereva na utingo wake hutandika mkeka chini ya tela, hupika ugali pembezoni mwa ukuta wa mtu, hulala hapo siku mbili, tatu. Si watu wabaya. Wanafanya kazi ambayo bila hiyo mkulima hapati fedha zake. Lakini mwenye nyumba naye ana mgonjwa ndani, na gari la wagonjwa likiitwa usiku halitaweza kupita.

Hapo ndipo mambo hufikia pabaya. Mwenye nyumba huita vijana, vijana huleta trekta, mnyororo hufungwa mbele ya lori, na lori huvutwa hadi barabara kuu. Taa huvunjika, au mfumo wa breki huharibika. Kesho yake mwenye lori huja na polisi, na mwenye nyumba aliyelala akiwa mlalamikaji huamka akiwa mshitakiwa. Kisa hiki hakikuchukuliwa katika jalada la mtu yeyote. Kimetolewa kama mfano, na kila aliyepata kukaa katika mji wa mazao atakubali kwamba hakikupindishwa.

Sheria inasemaje? Jambo la kwanza, na ndilo linalosahauliwa kuliko yote, ni kwamba katika Tanzania Bara ardhi yote ni ya umma na iko chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Msingi huo uliwekwa na sheria ya ardhi ya mwaka 1923. Umiliki wa moja kwa moja uliobaki kutoka enzi za Wajerumani uligeuzwa kuwa ukodishaji wa Serikali mwaka 1963, na mwaka 1969 ukodishaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kukalia ardhi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 iliuthibitisha msingi huo. Mwenye nyumba, kwa hiyo, ana haki ya kukalia kiwanja kwa muda uliotajwa katika hati yake, na haki hiyo inaishia kwenye bikoni. Ng'ambo ya bikoni, hata kama ni hatua moja, ni mtaa, na mtaa hauna hati ya mtu.

Jambo la pili ni hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 pamoja na kanuni zake za mwaka 2009 ziliweka hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5. Wakazi wengi waliifahamu sheria hiyo siku walipoamka wakakuta alama ya X ukutani, nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, kijani kwa aliyekutwa na upanuzi na ambaye kwa hiyo alistahili fidia. Mitaa ya ndani haifuati kipimo hicho. Upana wake ni ule uliochorwa katika ramani ya mipango miji, na ramani hiyo mwananchi anayo haki ya kuuliza habari zake katika ofisi ya ardhi ya halmashauri. Inashangaza jinsi watu wanavyoweza kugombana miaka kumi juu ya mstari ambao afisa ardhi angeuonyesha kwa asubuhi moja.

Jambo la tatu ni msimamizi. Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS, wakala ulioanzishwa mwaka 2000. Barabara za mijini na vijijini, tangu mwezi Julai mwaka 2017, ziko chini ya TARURA. Usalama wa magari barabarani, pamoja na gari lililoachwa mahali linapozuia njia au kuhatarisha watu, ni kazi ya polisi chini ya Sheria ya Usalama Barabarani Na. 30 ya mwaka 1973. Halmashauri nayo inaweza kutunga sheria ndogo, na ndizo zinazoweka ushuru, adhabu na utaratibu wa kuondoa gari. Mwenye nyumba hamo katika orodha hiyo.

Je, hakuna kabisa mtaa wa binafsi? Upo, lakini si ule unaodhaniwa. Uwanja wa ndani wa taasisi, yadi ya kiwanda, ghala, kambi ya wachimba madini, au nyumba kadhaa zilizojengwa ndani ya kiwanja kimoja chenye hati moja. Njia za humo ndani ziko chini ya mwenye hati. Anaweza kuweka lango, kuweka mlinzi na kusema nani aingie. Ziko pia njia ambazo kiwanja kimoja kinadai kupitia kiwanja kingine, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inazitambua: jirani aliyepewa haki ya kupita hawezi kugeuza haki hiyo kuwa haki ya kuegesha, na mwenye kiwanja hawezi kuziba njia hiyo kwa gari lake mwenyewe. Kupita ni kupita. Mwenye kuomba kupitisha maji shambani mwa mwenzake hakuomba kuchimba bwawa.

Hata ndani ya kiwanja chake halali, mwenye ardhi asidhani kwamba gari lililoingia bila ruhusa limekuwa lake. Mashamba yanalijua suala hili tangu zamani kuliko magari. Mkulima anayemkuta mbuzi wa jirani akila mihogo anaweza kumfunga mpaka mwenyewe aje na alipe kilicholiwa, lakini hawezi kumchinja. Sheria ya kawaida ya Uingereza, ambayo iliingizwa Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, ilikuwa na kanuni ya namna hiyo hiyo kwa mifugo iliyovuka mpaka. Magari yalipoongezeka, wenye ardhi wa Uingereza wakataka kuyafanyia kama mbuzi: wakayafunga vyuma kwenye magurudumu na kudai fedha. Scotland ililikataa jambo hilo mwaka 1992, pale mahakama kuu ya jinai ilipoamua katika shauri la Black na Carmichael kwamba kumfungia mtu gari katika ardhi ya binafsi na kumdai fedha ili lifunguliwe ni kosa la jinai. Uingereza na Wales zilichelewa. Huko kampuni za kufunga na kuvuta magari ziliendelea hadi malalamiko yakazidi, na tangu tarehe 1 Oktoba 2012 sheria imefanya kuwa kosa kufunga au kuondoa gari la mtu katika ardhi ya binafsi bila mamlaka ya kisheria. Marekani, kwa upande mwingine, katika mji wa St. Louis iko mitaa ya makazi ambayo tangu karne ya 19 inamilikiwa kwa pamoja na wenye nyumba. Wao ndio wanaolipia taa, lami na malango. Anayetaka kuiga mfano huo na aukumbuke wote: mwenye kudai mtaa alipe na gharama za mtaa. Waliopanga mawe yenye chokaa huko Nachingwea hawajaonekana wakinunua kokoto za kuziba mashimo.

Kwa Visiwani hali ya msingi inafanana, ingawa sheria ni nyingine. Ardhi ilitwaliwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, na Sheria Na. 12 ya mwaka 1992 ikaweka wazi kwamba ardhi yote ni ya umma chini ya Rais wa Zanzibar. Mkazi wa Mji Mkongwe analielewa jambo la mtaa kwa njia yake: baraza ya nyumba imejengwa na mwenye nyumba, imeshikana na ukuta wake, naye ndiye anayeifagia asubuhi, lakini mpita njia akikaa kunywa kahawa hafukuzwi. Mtumishi wa kutoka Unguja aliyehamishiwa Lindi angefanya vyema kulichukua fahamu hilo kwenda nalo.

Inafaa sasa kueleza la kufanya, kwani mlalamikaji ambaye mlango wake umezibwa hasaidiwi na historia ya karanga.

Gari likikutwa limeziba lango au njia ya mtaa, hatua ya kwanza ni kumtafuta dereva. Katika miji ya ukubwa wa Nachingwea na Ruangwa si vigumu, na mara tisa katika kumi shauri huishia hapo kwa kusalimiana na kuombana radhi. Asipopatikana, apewe taarifa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, ambaye ni shahidi mwenye kuaminiwa, na iandikwe namba ya gari, mahali, siku na saa. Kisha polisi wa usalama barabarani waarifiwe. Ikiwa kuna mgonjwa au moto, polisi waarifiwe kwanza na mengine yafuate. Kuliondoa gari ni kazi ya polisi au ya mamlaka ya barabara, au ya wakala aliyepewa idhini ya maandishi na mamlaka hiyo. Mtu anayekuja na gari la kuvutia bila barua wala kitambulisho na aulizwe ametumwa na nani.

Mwenye gari naye ana haki zake. Ibara ya 24 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda mali ya mtu isichukuliwe bila idhini ya sheria. Gari lake likivutwa, anastahili kujua limepelekwa wapi, kwa kosa gani na kwa sheria ipi. Fedha anazotozwa ziwe zimo katika sheria ndogo, na apewe stakabadhi ya Serikali. Malipo ya mkononi bila stakabadhi si ushuru. Gari likaharibiwa katika kuvutwa, aliyelivuta anajibu, awe wakala au mwenye nyumba, na kwa mwenye nyumba asiyekuwa na mamlaka jambo hilo laweza kuwa kosa la jinai la kuharibu mali.

Mgogoro ukiwa si wa gari la siku moja bali wa mpaka, yaani mawe, kibanda, mnyororo au lango lililowekwa mtaani, njia yake ni nyingine. Kwanza ramani iangaliwe kwa afisa ardhi. Pili, Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo halihukumu tena migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha ndani ya siku 30, na likishindwa hutoa uthibitisho wa kushindwa huko ili wahusika waende kwenye baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Wananchi kadhaa hupoteza muda kwa kuruka hatua hiyo na kurudishwa walikotoka.

Limebaki suala la malori ya korosho, nalo halimhusu mwenye nyumba peke yake. Msimu unajulikana. Minada inatangazwa. Halmashauri, vyama vya ushirika na wenye maghala wanaweza kukubaliana kabla ya Oktoba juu ya uwanja wa kungojea zamu, wenye maji na choo, nje ya makazi. Na Nachingwea, iliyoachiwa nafasi kubwa na wapanga mji wake wa kwanza, haikosi uwanja wa namna hiyo. Dereva aliyepewa mahali pa kulala hana sababu ya kulala ukutani mwa mtu, na akikutwa hapo msimu ukiwa umepangwa, polisi hawatakuwa na shaka ya kumwambia nini.

Wenye maswali kuhusu mipaka ya viwanja katika wilaya hizo mbili wanaombwa kuyapeleka kwa maandishi katika ofisi za ardhi za halmashauri zao, wakiambatisha nakala ya hati au barua ya toleo ya kiwanja.